Dirishani

Ndelilio, shule zimefungwa, nasikia umeamua:
Lushoto, Tanga, kisha Iringa kwa wakweo,
mrudi kwa Mtera, Dodoma, Kondoa, Babati,
mzunguko mzima, kama mtu anayefagia uwanja.
Vizuri. Sasa kaa, chai bado ya moto, unisikilize.

Tiketi hukatwa dirishani,
si kwa kijana aliyekushika mkono stendi ya Moshi
akikuita shemeji kabla hajajua jina lako.
Soma namba ya gari. Soma tarehe. Soma jina, herufi kwa herufi:
nilipata kumwandika Anaeli "Amani",
akabaki anabishana na konda
hadi basi likawa vumbi.

Mkishuka kwenda Same, milima ya Upare iko kushoto.
Jua nalo liko kushoto, mpaka karibu saa tano.
Hupati milima bila jua.
Wape watoto khanga wajifunike shingo, watazame.

Juni hii mlima wetu umejifungia wiki mbili,
hatuuoni, tunauamini tu.
Ukidhani baridi ya hapa ndiyo baridi,
ngoja Lushoto, saa kumi na moja alfajiri.
Sweta liwe juu ya begi.
Sweta la chini ya begi ni sweta lililobaki nyumbani.

Gari likisimama kuchimba dawa, shukeni wote.
Hata asiyetaka.
Asiyetaka Makanya atataka Hedaru,
na Hedaru dereva hasimami.

Ndeshi hutapika, tusidanganyane.
Beba kopo lenye mfuniko na kipande cha tangawizi,
na usimkaripie mbele ya abiria;
kumbuka wewe ulivyokuwa, tena kwa safari ya Himo tu.

Noti ziwe ndogo ndogo.
Muuza machungwa wa Muheza hana chenji ya elfu kumi
na basi halimngojei mwenye aibu.
Pesa zigawe: za leo mfukoni,
za kurudia mahali ambapo hata mimi usiniambie.

Kwa wakweo usibebe mkungu wa mshare, utaivia Tanga.
Peleka kahawa, kilo mbili, iliyokwisha kukaangwa.
Kahawa haina haraka.
Na upige simu kabla, siyo ukiwa mlangoni.
Mwenyeji asiyejua idadi yenu
atawachinjia jogoo, kisha atawasema mwaka mzima.

Mtera mtaletewa samaki mpaka usoni.
Nunua wa kukaanga, mle hapo hapo, mnawe.
Wabichi usithubutu:
kuna bwana alikuja nao hadi hapa,
gari zima likashuka linamjua jina.

Unacheka. Unaniuliza Mtera nimeijulia wapi.

Miaka ishirini na sita nyuma ya kile kidirisha,
watu wakienda, wakirudi, wakinilalamikia:
ndivyo nilivyoijua nchi hii, kwa malalamiko.
Mwandiko wangu umefika Tunduma, umefika Songea,
umelala Masasi katika mfuko wa suruali,
ukafuliwa nayo.
Mimi mwisho wangu Same. Msibani.
Tulirudi jioni ile ile, sikuangalia upande wowote.

Basi.
Ufunguo wa mlango wa nyuma nimempa Manka,
kuku atawapa pumba jioni;
yule jogoo mwekundu ana visirani, nimemwonya.
Umeme nimenunua kidogo, wa taa ya nje tu.

Viti usivihesabu tena, nimeshavihesabu.
Kesho kutwa, saa kumi na mbili na nusu, msichelewe.
Binti anayekaa pale siku hizi aliniachia kalamu:
namba tisa, dirishani, upande wa milima.
Jina nimeliandika mwenyewe,
polepole,
halina kosa.